Daftari ni la Nani? Misaada na Afya ya Watu wa Rwanda

Muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Tatu walifanya mjadala juu ya jambo hili: "Misaada ya nchi za nje yaleta hasara kuliko faida." Waliokubali walishinda kwa kura nyingi, wakashangiliwa, kisha kengele ya chakula ikalia. Mimi nilikuwa mwamuzi, na kazi ya mwamuzi ni kunyamaza. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba pande zote mbili zilisema mengi na kupima machache. Hakuna hata mmoja aliyechukua nchi moja akaitazama. Basi, kwa kuwa mhariri amenipa nafasi, nataka tuitazame nchi iliyo jirani na wilaya yetu ya Ngara, ambayo vilima vyake twaviona tukisimama Rusumo: yaani Rwanda.

Rwanda ni nchi ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338, na hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 ilionyesha watu milioni 13 na zaidi. Haina bahari. Katika mwaka wa 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliiangamiza. Madaktari na wauguzi wengi waliuawa au walikimbia, na hospitali ziliporwa.

Mwaka ule mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaja kupiga kambi Benaco. Sisi watoto tulikwenda kutazama malori ya chakula, maana hatukuwa tumeona malori mengi namna ile. Niliyoelewa baadaye, nilipokuwa mtu mzima, ni haya: mwanzoni chakula kiligawanywa kupitia viongozi wale wale waliowatawala wakimbizi kwao, na baadhi yao walikuwa wameshiriki katika kuua. Orodha ya majina ilikuwa mikononi mwao. Majina yaliongezwa, na chakula kilichozidi kikauzwa, au kikawa njia ya kuwatisha watu. Huko Zaire mambo yalikuwa mabaya zaidi, hata mnamo Novemba 1994 madaktari wa Ufaransa wa shirika la Médecins Sans Frontières wakaziacha kambi, wakisema hawawezi kuendelea kuwalisha wauaji.

Nimeanza na habari hii kwa sababu yaonyesha kwamba msaada si mahindi tu wala dawa tu. Kuna na yule mwenye kuandika nani amepata na nani hakupata. Wanafunzi wangu hawakumtaja hata mara moja.

Sasa tuingie Rwanda kwenyewe. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Hiyo ni karibu mtoto mmoja katika kila watano. Msaada ulikuwapo, lakini sehemu kubwa ilipita kando ya serikali: kila shirika na magari yake, makarani wake na hesabu zake. Katika mwaka wa 2006 serikali ilitoa sera ya misaada iliyosema kwamba inapendelea fedha zipitie katika bajeti ya taifa. Mwaka wa 2010 ikaenda mbali zaidi, ikataka kila mfadhili asishughulike na sekta zaidi ya tatu. Labda utaona kwamba huo ni ukaidi wa mwombaji mwenye kuchagua. Lakini fikiri mwenyewe: wageni kumi wakija nyumbani kwako, na wote wakataka kupika mboga tu, ugali utaupata wapi?

Jambo la pili ni bima ya afya, ambayo watu wa huko huiita mituweli. Ilijaribiwa katika wilaya tatu mwaka wa 1999, kisha ikaenezwa nchi nzima. Kwa mpango ulioanza mwaka wa 2011, jamaa ziligawanywa kwa kadiri ya uwezo wao. Watu wa kawaida walilipa faranga 3,000 kwa mwaka kwa kila mtu, wenye mali faranga 7,000, na maskini kabisa hawakulipa kitu. Walilipiwa faranga 2,000. Na tufanye hesabu kidogo. Jamaa ya kawaida yenye watu sita ilitakiwa kulipa faranga 18,000 kwa mwaka. Kwa mkulima wa kilimani hizo si fedha kidogo, na wako walioshindwa. Lakini kwa kadi ile mtu alitibiwa katika kituo cha afya kwa faranga 200 tu, na hospitalini alilipa sehemu moja katika kumi ya gharama. Je, ni nani aliyewalipia wale maskini? Ni serikali pamoja na wafadhili, na katika miaka ya mwanzo Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisaidia sana. Fedha zilitoka nje. Lakini orodha ya nani ni maskini ilitungwa kijijini, mbele ya wanakijiji wenyewe. Mtu aliyejifanya fukara huku ana ng'ombe watatu alijulikana mara moja!

Kadhalika wako washauri wa afya. Wanakijiji huwachagua wenyewe miongoni mwao, na kwa muda mrefu walikuwa watatu kwa kila kijiji, jumla yao kama 45,000. Si wauguzi. Wengi ni wakulima waliofundishwa kupima malaria kwa tone la damu, kutibu mtoto mwenye homa au kuhara, na kumwandikisha mama mwenye mimba ili akajifungulie kituoni. Mimi nawastahi sana watu hawa, pengine kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii.

Tena tangu mwaka wa 2006 vituo vya afya vilianza kulipwa kwa kadiri ya kazi iliyoonekana: mama wangapi wamejifungulia pale, watoto wangapi wamechanjwa. Wakaguzi walikuja kusoma madaftari, na hata watu walitumwa vijijini kumwuliza mgonjwa kama kweli alitibiwa. Mwaka ule ule mameya wa wilaya walianza kutia sahihi ahadi mbele ya Rais, zinazoitwa imihigo, na mwisho wa mwaka huulizwa kimoja kimoja.

Matokeo ni haya. Vifo vya watoto, vilivyokuwa 196 katika kila 1,000, vilishuka kuwa 152 mwaka wa 2005, na 76 mwaka wa 2010. Uchunguzi wa 2019 na 2020 ulipata 45. Mama waliokufa kwa sababu ya uzazi walikuwa 1,071 katika kila vizazi hai 100,000. Wakashuka kuwa 203. Na ugonjwa wa Marburg ulipotokea Septemba 2024, watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa watumishi wa afya, na 15 walifariki. Popote duniani ugonjwa huo aghalabu huua nusu ya wanaoupata, au zaidi.

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Vyandarua, chanjo na dawa za UKIMWI zilinunuliwa kwa fedha nyingi za Marekani, za Ulaya na za ule Mfuko wa Dunia. Bila hizo, orodha nzuri zingebaki karatasi. Wala utawala bora si hesabu za vituo vya afya peke yake. Katika uchaguzi wa Julai 2024 Rais alitangazwa kupata asilimia 99 ya kura, na wapinzani kadhaa wamepata kufungwa. Mwaka wa 2012, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliposema kwamba Rwanda inawasaidia waasi wa M23 katika Kongo, jambo ambalo serikali yake ililikana, wafadhili kadhaa walizuia fedha zao. Mwaka wa 2025 mambo hayo yalirudi, na Uingereza na Ujerumani zikasimamisha sehemu ya misaada. Je, ni haki mtoto wa kijijini akose kwa sababu ya vita asivyovijua? Na je, ni haki mfadhili aendelee kulipa huku akifumba macho? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, na kila mara ninapodhani nimepata jibu nakumbuka malori ya Benaco.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha karibu misaada yake yote ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa. Rwanda iliumia, na sisi tuliumia. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa mhudumu katika mradi mmoja wa kuwafuatia wagonjwa wa kifua kikuu majumbani. Siku moja akaambiwa asije tena kazini. Majina ya wagonjwa yalikuwa katika kompyuta ya mradi, na kompyuta zikakusanywa. Usiku ule alikaa akachukua daftari la shule la mwanawe, akaandika kwa kukumbuka tu: jina, kijiji, mwezi wa ngapi wa dawa. Aliandika majina ishirini na sita. Alijua walikuwa ishirini na wanane. Asubuhi alilipeleka daftari kwa muuguzi wa zahanati, kisha akapita vijijini siku nne kuwatafuta wale wawili. Mmoja alimpata.

Mhariri amekubali kwamba mjadala urudiwe mwanzo wa muhula ujao. Kwa hiyo likizo hii kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aende katika zahanati ya kwao, aombe ruhusa kwa heshima, asisome jina la mgonjwa yeyote, na aulize mambo matatu tu: dawa zilizoko rafuni zimenunuliwa na nani; wanaokwenda majumbani kuwatazama wagonjwa hulipwa na nani; na daftari la majina ni la nani. Majibu yaandikwe katika ukurasa mmoja, kwa wino, nami nitayakusanya siku ya kwanza ya masomo.