Mume wangu alimrushia paka kimia

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibiti mjini. Zamani tulikuwa bondeni, tukilima mpunga, na mume wangu akivua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitumaliza, tukahamia huku kwa mama mkwe. Haukupita muda akatokea paka mweusi mwenye kifua cheupe, akafanya makao kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko. Nikikwangua sufuria jioni alikuwa analia kwa mbali. Nikimwekea ukoko na vichwa vya perege alingoja niingie ndani ndipo ale. Jirani ameapa kumwekea sumu kwa kuwa anamwibia samaki, ndiyo nikamwomba mume wangu tumkamate tumfuge ndani. Akamrushia kimia. Paka alipapatika, akamng'ata kidole, akachoropoka. Hii ni wiki ya pili, chakula kinaliwa usiku wa manane tu. Mume wangu anasema huyo ni paka pori, aachwe. Mama mkwe anasema paka mweusi wa usiku si paka, na akiingia ndani atatia najisi mtungi wa maji. Nifanyeje?

Mama Watatu, Kibiti

Mwanangu,

Tuanze na kidole. Umekitaja kama jambo la kupita, na barua yako yote mimi imenishika hapo. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake, paka naye anaweza kukiambukiza, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba ya kumrudisha. Mumeo aende kituo cha afya leo, aeleze aling'atwa lini na paka gani, aulize chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Asione aibu kwamba mmeingia wiki ya pili. Ugonjwa huu mara nyingi huchukua wiki kadhaa hata miezi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo chanjo bado ina kazi. Najua utaniambia paka yu hai na anakula. Hiyo ni habari njema, maana paka mwenye kuambukiza siku ile anapong'ata kwa kawaida hamalizi siku 10 baada ya hapo. Lakini una hakika gani kwamba anayekula usiku wa manane ni yuleyule? Waachie wahudumu wa afya waamue. Na siku nyingine yeyote aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali. Si majivu, si mafuta ya taa.

Sasa paka wako. Paka pori halisi wapo nchini, miguu mirefu, rangi ya majani makavu, mkia wenye pete nyeusi. Huyu mweusi wa kifua cheupe si wa ukoo huo. Tena kuna jambo umelisema mwenyewe bila kulitilia maanani: alikuwa analia akisikia sufuria. Paka aliyezaliwa na kukulia porini kwa kawaida hamlilii binadamu. Hunyamaza, hujilaza chini, hupotea. Anayelia mara nyingi amewahi kuwa na jiko lake na mtu wa kumpa ukoko. Mwaka ule wa mafuriko watu wangapi walipanda mitumbwini na watoto na magunia, paka wakabaki juu ya dungu? Sikuambii ni wa nani, ila ningeweka dau kwamba alikuwa wa mtu.

Mumeo asilaumiwe sana, alitumia chombo anachokijua. Ila mvuvi pia ana dema, na dema halimfukuzi samaki: hukaa mahali pake, samaki akaingia kwa miguu yake mwenyewe kama angekuwa nayo. Paka mwoga hutegwa hivyo. Kilichoharibika siku ile ni kwamba paka amejifunza kuwa jioni, saa ya chakula, ndiyo saa ya hatari. Kazi yako ya kwanza ni kumrudishia jioni yake, na mtego usubiri.

Weka chakula kila siku saa ileile, mahali palepale, mtu yuleyule, yaani wewe. Kwangua sufuria kama zamani, weka, ondoka. Baada ya saa moja kaondoe kilichobaki, usiache cha usiku. Siku za mwanzo atalala njaa, nawe utamwonea huruma. Vumilia. Njaa kidogo itamsogeza mapema, na watoto wakikaa mbali na uwanja huo utaanza kumwona jua likizama.

Wakati huo nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo nyembamba na wavu wa kuku ulio imara: urefu sentimita 80 hivi, upana na kimo sentimita 30 na kitu. Mlango uwe upande mmoja, wa kushuka wenyewe, na kuelekea upande wa pili, sakafuni, kuwe na kibao kilichounganishwa na mlango kwa waya. Paka akikanyaga kibao, mlango unaanguka nyuma yake. Mwambie fundi chakula kitakaa nyuma ya kibao, ili mkia uwe umeshaingia. Dema lenyewe usimtegee, atakwama shingo kwenye ule mdomo wake. Na akitokea mtu wa kukushauri umchanganyie vidonge vya usingizi, mkatalie. Kipimo cha paka si cha kukisia, na paka aliyelewa dawa atakwenda kujificha usipopajua, afie huko.

Kizimba kikija, usitege. Kiweke karibu na rundo la kuni, mlango umefungwa kwa kamba ubaki wazi, chini umetandika gunia asikanyage waya. Chakula kiwe mlangoni kwanza, kisha kisogee ndani kidogo kidogo kila anapozoea. Atakapokuwa anakula mwisho kabisa bila kugeuka geuka, hapo ndipo umefika. Jana yake mnyime chakula, maji tu. Siku ya kutega weka kambale wa kuchoma, harufu yake inaita, fungua ile kamba na ukae mahali unapokiona kizimba. Ukifanya haraka akaponyoka mlango ukiwa nusu, safari ya pili itakuwa ngumu maradufu.

Mlango ukishuka atajirusha kama amepandwa na wazimu. Mfunike na kitenge kizito hapo hapo, gizani atatulia. Usiingize mkono, hata kumpa pole. Na ukifunua pembe ukakuta ni nguchiro au paka wa jirani, simama nyuma ya kizimba, inua mlango, mwache aende zake.

Chumba cha kumpeleka kiwe kidogo, stoo inafaa, na kabla ya yote tazama juu. Nyumba zetu nyingi hazina dari, na pale ukuta unapokutana na bati pana nafasi inayomtosha paka kabisa. Ziba kwa wavu wa kuku, si kwa matambara, hewa ipite, maana bati la Kibiti saa saba mchana ni tanuri. Weka boksi la kujificha, beseni la mchanga, maji, chakula. Fungua kizimba, toka. Kisha kila siku ingia na kazi yako, chambua mchele humo, ongea naye bila kumkodolea macho. Paka aliyewahi kufugwa anaweza kukusogelea baada ya wiki chache. Yupo pia atakayepanda ukuta kila akikuona hata baada ya miezi, na huyo usimng'ang'anie. Zungumza na ofisa mifugo wa kata yako kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na kuhasiwa, kisha umrudishe kwenye kuni zake, umlishe hapo. Lamu, kisiwa chenye paka wengi, wamewahasi na kuwarudisha mitaani wengi tu.

Jirani mwendee wewe, mapema. Mwambie sumu hiyo kuku wake wataidonoa pia, na panya wa stoo za mpunga watafurahi paka akiondoka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini mimi nisingeanza na sheria, ningeanza na kawa la kufunikia samaki wake.

Kwa mama mkwe, nenda kwa adabu na umwachie yeye aulize msikitini. Masheikh watamsimulia Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu paka akanywa, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi. Watamkumbusha na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na hiyo ni kwako: siku unapofunga mlango wa stoo, tumbo lake ni deni lako. Mtungi ufunike, hilo ana haki nalo hata pasingekuwa na paka.

Hukuniandikia kama ni jike au dume. Chunguza kabla ya kutega. Ukiona tumbo limelegea na chuchu zimevimba, ana watoto mahali, na ukimfungia ndani watakufa wakimngoja. Mfuate kwa macho akimaliza kula, ujue analala wapi, na siku ya kutega hao wadogo uwabebe pia kwenye boksi. Wakiwa bado hawajafikisha miezi miwili watakuzoea upesi kuliko mama yao.