Dondoo muhimu: Likizo ndefu kwa anayejiajiri

Mfasiri, mchoraji ramani au mtunza programu wa Nairobi anayelipwa kwa kila kazi hukosea akikadiria likizo kwa miezi atakayokaa bila kazi. Likizo yake haiishi siku anayorudi mezani. Kazi mpya hutafutwa, hufanywa, kisha ankara hungoja siku 30 au 60. Kwa hiyo miezi mitatu ya mapumziko hudai akiba ya miezi mitano au sita. Ukitumia shilingi 80,000 kwa mwezi, miezi mitano ni 400,000; kiasi hicho ndicho lengo, wala si 240,000. Hesabu matumizi, usihesabu mapato; mwezi mnono hudanganya.

Wapo watakaosema kipato kisichotabirika hakiwekeki akiba. Kiasi maalumu kila mwezi hakiwezekani, kweli, lakini asilimia inawezekana: kata robo ya kila malipo siku yanapoingia, yawe madogo au makubwa. Kabla ya hapo tenga kodi. Ile kodi ya zuio ya asilimia 5 anayokata mteja ni malipo ya awali tu. Salio hulipwa kufikia Aprili 30, na mwisho wa kuwasilisha ritani ni Juni 30. Wengi huila fedha ya salio hilo wakidhani ni yao. Na kuweka akiba ya likizo kwenye kiwanja? Kinaweza kupanda thamani, ila hakinunui unga wiki hii. Weka akiba hii mahali unapoweza kuitoa kwa siku chache, mbali na simu unayolipia chakula cha mchana.