SOMO LETU: MTUNGI WA GESI UKAE NJE

Hapa Migori na Homa Bay baadhi ya akina mama wenye vibanda vya chakula wameacha makaa, siku hizi wanapikia gesi. Tunawapongeza. Lakini kibanda cha mabati ni kidogo, na wengine hulala humo humo na watoto. Basi mtungi ukae wapi?

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inangoja cheche. Kwa hiyo tuuweke mtungi nje, hivi:

1. Usimame wima mahali pagumu penye kivuli, mbali na moto, mlango, dirisha na mtaro. Ukijengewa kasha, liwe na matundu chini.

2. Mpira uwe wa gesi, sio wa maji, na ukazwe kwa klipu pande zote mbili. Ukutani upitishwe ndani ya kipande cha bomba, maana makali ya bati huukata. Kama jiko liko mbali, mwite fundi wa gesi aweke bomba la shaba.

3. Fungua mtungi, jiko likiwa limezimwa, upake povu la sabuni kwenye viungo. Mapovu yakifura, inavuja: funga. Usipime kwa kiberiti!

4. Usiku funga mtungi wenyewe, sio jiko tu.

Mkisikia harufu ndani, msiguse swichi wala kiberiti. Toeni watoto, acheni mlango wazi, kisha fungeni mtungi. Ukiwa nje, hakuna haja ya kurudi ndani kuufunga.