Samaki Kuvuliwa Kisha Akaachiwa: Ni Huruma au ni Mchezo?

Tumeletewa suala na kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu, ambaye riziki yake sasa iko bara, kwenye mito ya baridi ya milima ya Nyandarua. Kazi yake ni kuwaongoza wageni waendao kuvua samaki aitwaye trauti. Asema: "Wageni hawa humvua samaki, wakampiga picha, kisha wakamrudisha mtoni, na hudai kuwa hiyo ndiyo huruma. Mwenzangu asema hayo ni mateso, na afadhali samaki aliwe. Nami hulipwa kwa kazi hiyo. Je, Sheikh, nifuate neno la nani?"

Suala hili si dogo, kwani limegusa mambo mawili: haki ya kiumbe asiyeweza kusema, na chumo la mtu. Basi na tulitazame jambo lenyewe kwanza. Kwani ahukumuye asilolijua hukosea hata akisadifu.

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Uskochi, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura. Baadaye akaletwa na trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Wote wawili hupenda maji baridi yaendayo mbio. Havuliwi kwa dema wala kwa jarife, bali kwa ufito mwembamba, na mshipi, na ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Tumewahi kusimama ukingoni mwa mito hiyo tukautazama uvuvi huu. Ni kazi ya subira kubwa: mvuvi huweza kutupa mshipi asubuhi nzima asipate kitu. Walakini akinasa, hupenda samaki apigane muda mrefu, kwani hayo mapigano ndiyo raha aliyoifuata.

Desturi ya kumwachia samaki haikuzushwa kwa upuuzi. Huko Marekani wavuvi waliongezeka na samaki wakapungua. Mwaka wa 1939 mvuvi mashuhuri Lee Wulff aliandika kuwa samaki wa namna hii ana thamani kubwa mno, haifai avuliwe mara moja tu. Mwaka wa 1952 jimbo la Michigan liliifanya desturi hiyo kuwa kanuni katika baadhi ya mito, kwa sababu kufuga samaki na kuwatia mtoni kila mwaka kulikuwa na gharama nyingi. Na katika mto Yellowstone, ambako kanuni hiyo ilianza 1973, wataalamu walihesabu kuwa katika msimu wa 1981 kila trauti alinaswa wastani wa mara 9.7, na waliokufa walikuwa wachache sana. Basi wenye kusema kuwa kuachia huhifadhi samaki, wana hoja.

Lakini upande wa pili nao una hoja zake. Mwaka wa 1992 wataalamu wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha trauti kama wachoshwavyo na mshipi, kisha wakawatazama kwa saa 12. Waliochoshwa tu, walikufa 12 katika kila 100. Waliochoshwa kisha wakatolewa majini kwa nusu dakika, walikufa 38. Na waliotolewa kwa dakika moja, walikufa 72. Na dakika moja, ndugu zetu, ndiyo muda wa kupiga picha. Mgeni humwona samaki akienda zake, akafurahi. Hajui kuwa huenda amemwaga maiti.

Tena mwaka wa 2003 Bibi Lynne Sneddon na wenzake, huko Uskochi, walibainisha kuwa mdomo wa trauti una mishipa ya kuhisi madhara. Walipotiwa tindikali midomoni, baadhi ya samaki walijisugua kwenye changarawe, na wakakaa kiasi cha saa tatu bila kula. Wako wataalamu wasiokubali kuwa hayo ni maumivu kama yetu. Lakini penye shaka, mwenye insafu hujizuia asidhulumu. Ujerumani, kwa sheria ya 1972, yakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya maana. Na Uswisi, kwa kanuni ya 2008, yakataza kuvua kwa nia ya kuachia.

Ama katika dini yetu, windo la bahari ni halali kwa chakula, nalo limetajwa katika Suratul Maida. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya mchezo, na akaamrisha wema hata katika kuchinja. Basi ruhusa imekuja pamoja na haja, wala haikuja pamoja na upuuzi.

Hapa mtu aweza kutupinga, aseme: "Mlaji amemwua samaki, na mwenye kuachia amemwacha hai. Vipi mwuaji awe na udhuru zaidi?" Jawabu ni hili: hatusemi kuwa kufa ni kwepesi kwa samaki. Twasema kuwa mwenye ndoana, akiulizwa kwa nini alimwumiza, wa kwanza atasema: kwa ajili ya chakula changu na watoto wangu. Wa pili atasema nini, illa kuwa alipenda kumwona akipigana?

Wala kuachia si kubaya kila mahali. Aliyevua kwa ajili ya kula, akapata samaki mchanga, akamrudisha akue, huyo amefanya vyema na tutamsifu. Na kula nako si jambo la kuhukumiwa kwa mizani moja. Katika ziwa la Yellowstone kulionekana mwaka wa 1994 aina ya trauti mgeni awalaye wenyeji. Huyo amriwa auawe kila anaponaswa, na kumwachia ndiko kuharibu. Basi kitendo ni kimoja, na hukumu zake ni mbali mbali kwa nia na kwa natija.

Twamwambia kijana wetu: usiache kazi yako kwa pupa, bali itengeneze. Washauri wageni wavue watakachokula, na wakipata cha kutosha wakunje mshipi. Na ambaye kanuni ya mto yamlazimisha kuachia, basi atumie ndoana isiyo na kijino, asirefushe mapigano, alowanishe mikono kabla ya kumshika, asije akamtoa ute umlindao, amfungue akiwa ndani ya maji. Na siku maji yakipata joto, wasivue kabisa, kwani trauti huchoka upesi asipate nguvu tena. Ukiyasema haya kwa adabu, wengi watakusikia. Na asiyetaka illa kuchezea roho, usimwongoze, japo akupe mara mbili. Mwenye kuruzuku si yeye.

Nasi wa pwani tusiwacheke wageni hawa. Huko Watamu na Malindi wako wavuao sulisuli, wakamtia alama na kumwachia, ili ijulikane asafiri wapi. Hilo lina faida ya ilimu. Lakini juya, ambalo Kenya imelikataza tangu 2001, bado lakokotwa katika fukwe zetu, likizoa vifaranga visivyotosha hata mchuzi, na vingine vikaachwa mchangani vikioza. Mgeni amemwumiza samaki mmoja kwa mchezo. Sisi twaangamiza chakula cha wajukuu wetu kwa uvivu wa kutega dema lenye matundu makubwa. Atakayeulizwa kwa ukali zaidi ni nani?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.