Tusimpige Mwamuzi wa Mpira, Wala kwa Mkono Wala kwa Kinywa

Somo kwa wazazi, vijana na viongozi wa ekipe za parokia

Somo la mwezi huu ni juu ya mpira wa miguu, na zaidi juu ya yule mtu anayeshika filimbi, ambaye katika kartie zetu tunamwita arbitri. Wengine watasema: hilo si neno la kanisa. Lakini watoto wanaocheza ni watoto wetu, na watu wanaosimama kando ya mstari wakipaza sauti, tunawajua, tunakaa nao benchi moja siku ya ibada. Basi neno ni letu.

Wazee wanakumbuka mwaka wa 1974, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire. Mwezi wa tatu, huko Misri, Leopards walichukua Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba akafunga magoli 9, hesabu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifikia katika mashindano mamoja ya kombe lile. Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia. Tarehe 18 walicheza na Yugoslavia mjini Gelsenkirchen, wakapigwa 9 kwa 0. Hesabu hiyo kila mtu anaijua. Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni hiki: kabla ya nusu ya kwanza kwisha, wachezaji wetu walipokuwa wakimlalamikia mwamuzi, mtu wa Colombia, mmoja wao alimpiga teke kwa nyuma. Aliyepiga alikuwa Mwepu Ilunga. Mwamuzi akageuka, na katika kundi la watu waliomzunguka hakujua mguu ulikuwa wa nani. Akamtoa Ndaye. Mtu asiye na kosa akatoka, na ekipe ikabaki na watu 10 kwa zaidi ya saa nzima.

Hatuleti habari hii kwa kuwachafua wazee wale. Waliitukuza nchi, na siku zile walikuwa na uchungu mwingine: wao wenyewe walisimulia baadaye kwamba walikuwa wamesikia hawatapewa pesa walizoahidiwa. Tunaileta kwa sababu inaonyesha wazi kazi ya hasira. Watu wanamzunguka mwamuzi wakitaka aone vizuri, kumbe wanamzibia macho. Na teke lile halikupunguza hata goli moja.

Mwamuzi alitoka wapi?

Zamani huko Uingereza, mpira ulipoanza kuwekewa sheria, hapakuwa na mwamuzi katikati ya uwanja. Kila ekipe ilikuja na mtu wake wa kuangalia. Hao wawili wakishindwa kupatana, walipeleka neno kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Mwaka wa 1891 huyo wa tatu aliingizwa ndani ya uwanja na kupewa mamlaka ya kukata neno, na wale wawili wakawa watu wa bendera pembeni. Yaani mwamuzi ni mtu wa tatu aliyewekwa ili wale wawili wasiendelee kubishana. Sisi tunalijua jambo hili. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, wanamtafuta mzee asiye wa ukoo wa mmoja wao. Akisha kukata neno, aliyeshindwa ananuna, pengine anasema maneno nyumbani kwake, lakini hamchapi mzee. Akimchapa, siku nyingine nani atakubali kumkatia neno?

Tena mwamuzi wa kartie si yule wa televisheni. Yule wa televisheni analipwa, ana wenzake wa bendera, ana polisi uwanjani, na tangu mwaka wa 2018 sheria za mpira zinaruhusu asaidiwe na watu wanaotazama picha za video. Huyu wetu ana filimbi na macho mawili. Mara nyingi ni mwalimu, au kijana aliyecheza zamani akaumia goti.

Neno la Almere

Sasa tusikilize jambo lililotokea nchini Uholanzi, nchi tajiri, yenye viwanja vya majani na polisi wa kutosha. Mjini Almere, tarehe 2 Desemba 2012, ekipe mbili za vijana zilicheza. Richard Nieuwenhuizen, baba wa miaka 41, alikuwa ameshika bendera pembeni. Hakuwa mtu wa mshahara. Alikuja kwa sababu mtoto wake alikuwa anacheza, na ekipe ilihitaji mtu wa bendera. Mchezo ulipokwisha, vijana wa ekipe ya wageni, watoto wa miaka 15, 16, walimrukia. Wakampiga, akaanguka, wakampiga mateke chini. Alisimama. Watu wakafikiri yamekwisha. Baada ya saa chache alianguka tena, akapelekwa hospitali, na kesho yake, tarehe 3, akafa.

Mwaka wa 2013 mahakama iliwapata na hatia vijana sita, na pamoja nao baba wa mmoja wao, mtu wa miaka 50. Huyo baba alifungwa miaka 6. Wengi wa vijana wale walihukumiwa miaka 2 katika gereza la watoto.

Wababa, tusimame hapa kidogo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuchemka, damu yake ni ya moto, hajui kipimo. Mtu wa miaka 50 alikuwa anafanya nini pale katikati? Kazi yake ilikuwa kumshika mwanawe mkono na kumtoa. Juma lililofuata, michezo yote ya mpira ya wasiolipwa katika Uholanzi nzima ilisimamishwa, watoto kwa wakubwa, ili kila mtu akae nyumbani na kufikiri.

Wengine wanajitetea kwamba wao hawachapi watu kwa kundi, ni kofi moja tu la hasira. Katika jimbo la Utah, Marekani, mwezi wa nne mwaka wa 2013, mwamuzi wa miaka 46 alimwonyesha kipa wa miaka 17 kadi ya njano kwa sababu alimsukuma mwenzake. Alipokuwa anaandika katika kitabu chake kidogo, kijana akampiga ngumi kichwani. Moja tu. Mtu yule alikaa hospitali juma moja, akafa. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Michigan, mwamuzi mwingine wa miaka 44 alipigwa ngumi moja na mchezaji aliyekuwa karibu kutolewa kwa kadi nyekundu, naye akafa baada ya siku mbili. Kichwa cha mwanadamu si ngoma. Anayepiga hajui atakayeamka na atakayelala.

Inaanzia kinywani

Hakuna mwamuzi anayepigwa kabla ya kutukanwa. Kwanza anaitwa kipofu. Watu wanacheka. Kisha anaitwa mwizi, anaulizwa amekula franka ngapi. Kisha wanataja mama yake. Kila neno likipita bila mtu kulikemea, lile la pili linapata nguvu. Kijana aliye uwanjani anasikia sauti ya baba, ya mama, ya mwimbaji wa kwaya, wote wakisema kwamba mtu huyu ni mwovu. Mwishoni anaona kumpiga ni kutenda haki.

Hata katika mashindano yetu ya vijana tumeona mwanzo wake. Msimu uliopita mwalimu mmoja alikubali kutuchezeshea kwa maji ya kunywa na pesa kidogo ya njia. Alikataa goli moja. Vijana wanne wakamzunguka, shati likapasuka, na aliyewapa sauti kutoka nyuma alikuwa mzazi. Hakuna aliyeumia, ndiyo maana wengi wamesahau. Yeye hajasahau. Tulipomwendea mwaka huu alikataa kwa upole, na wenzake wawili nao wakakataa.

Kumbe juu ya goli lile mwalimu alikuwa na haki. Tumekwenda kusoma sheria ya kuotea, ambayo wengi wanaitaja na wachache wanaijua. Mwamuzi anaangalia mahali mchezaji alipo wakati mwenzake anapougusa au kuupiga mpira, si wakati yeye anapoupokea. Katika nafasi hiyo ya jicho moja, mwenye mbio anaweza kutembea hatua tatu, nne. Anayesimama nyuma ya goli anaanza kumwangalia mshambuliaji mpira ukiwa umekwisha kufika, anaapa kwa ukweli wake wote kwamba hakuotea. Na aliyeko mbali anaapa kinyume. Tena mpira wa kurusha kwa mikono, mpira wa kona na mpira wa goli havina kuotea, hata watu wakipiga kelele namna gani. Uwanja wa mpira una urefu wa meta 90 hadi 120, na bila watu wa bendera mtu mmoja hawezi kuwa sawa na mstari na kuwa karibu na mpira kwa wakati mmoja. Atakosea. Na yule mshambuliaji alipiga nje magoli mangapi siku ile? Hakuna aliyempasulia shati.

Sheria nyingine isaidie wenye kelele: mchezo ukisha kuanzishwa tena, mwamuzi hana ruhusa ya kurudi nyuma na kubadili neno lile. Mpira ukiwekwa katikati na kupigwa, goli limekwisha kuwa goli. Anayetukana dakika kumi baadaye hatafuti haki, anatafuta vita.

Ndugu mmoja alituuliza: na kama kweli amekula rushwa? Swali ni zuri, tusilifiche, maana nchini mwetu rushwa tunaijua. Hapo kapiteni na kiongozi wa ekipe waandike barua kwa komiti ya mashindano: dakika gani, tendo gani, mashahidi nani. Komiti imwite, imsikilize, ikiona kosa imwondoe katika orodha. Kelele haikupata kumwondoa mwamuzi mbaya hata mmoja; inawaondoa wale wazuri, wenye heshima yao ya kulinda, na kutuachia wale wasiojali. Na waamuzi nao wana deni. Asichezeshe mtu ekipe ya mtoto wake au ya parokia yake. Asije bila kusoma sheria. Asiwatukane vijana naye akadai heshima.

Namna ya kumlinda

Nchi nyingine zimetafuta njia. Uingereza, tangu msimu wa 2019, mchezaji wa mpira wa kawaida anayebishana na mwamuzi kwa maneno anatolewa dakika 10, kisha anarudi. Ekipe yote inaumia kwa kinywa chake, na wenzake wenyewe wanamfundisha kunyamaza. Mwaka wa 2023 walianza kujaribu kuwapa waamuzi kamera ndogo za kuvaa kifuani. Katika Kombe la Ulaya la mwaka wa 2024 kule Ujerumani, kapiteni peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumkaribia mwamuzi na kumwuliza sababu.

Kamera hatuna, na hatuzihitaji. Neno la kapiteni halina bei, na tumeomba komiti ya vijana iliweke tangu mchezo wa kwanza. Pamoja na hilo, kamba ifungwe hatua tatu nje ya mstari, na watazamaji wote wakae nyuma yake, mashemasi pia. Kila ekipe itoe wababa wawili au wamama wawili, watu wanaosikilizwa, wavae kitambaa mkononi. Hao hawatatazama mpira sana, watatazama watu. Filimbi ya mwisho ikilia, wao ndio watakaomsindikiza mwamuzi mpaka njiani, ekipe yao ikishinda au ikishindwa. Kijana atakayemgusa mwamuzi hatacheza tena msimu huo. Mzazi atakayemtukana, mchezo usimame mpaka atoke. Sheria inamruhusu mwamuzi kuusimamisha, na hata kuuvunja kabisa, watu wa nje wakiuharibu.

Tunajua neno la mwisho hili ni gumu. Kumfukuza kijana ni rahisi. Kumwambia mtu mzima, pengine mwenye cheo kuliko wewe, atoke mbele ya watoto, inataka moyo.

Makundi yazungumze maswali haya. Kabla ya sheria ya kapiteni kuanza, vijana wetu watamchagua kapiteni kwa miguu yake au kwa ulimi wake? Mtoto akirudi nyumbani analia kwamba mwamuzi amewaibia, mzazi ataanza kwa kumwuliza nini? Na yule baba anayepaza sauti, ambaye sote tunamheshimu, nani atamwendea nyuma ya kamba, na atamwambia kwa maneno gani?