Machipukizi ya Milingoti Baada ya Kuvuna

SWALI: Nimevuna milingoti yangu huku Mufindi kwa ajili ya nguzo. Sasa kila kisiki kimetoa machipukizi chungu nzima. Niyapunguze lini, na vijana wangu wafanyeje wasijikate?

JIBU: Usikimbilie panga. Machipukizi machanga hayajashika vizuri kwenye kisiki. Ukiyapunguza mapema mno, upepo utaangusha hata yale uliyoyaacha. Subiri yafike mita 3 hadi 4, kisha bakiza mawili au matatu kwa kila kisiki. Yakifika mita 7 au 8, punguza tena, ubakize moja, au mawili pale ambapo kisiki cha jirani kimekufa. Chagua yaliyonyooka, yaliyoota chini karibu na ardhi, hasa upande unakotokea upepo.

Kuhusu usalama, hatari kubwa si panga peke yake. Chipukizi lililokatwa mshazari huacha ncha inayotoboa hata soli ya ndala. Kata bapa, usawa wa kisiki, kwa msumeno mdogo wa mkono. Ni polepole kuliko panga, lakini haujeruhi magome. Vijana wavae buti na wafanye kazi wakiwa wameachana, kila mmoja mstari wake. Matawi yaliyokauka yaondolewe kwanza juu ya visiki, maana huficha mashimo na nyoka.

Na dawa ya magugu? Usiipake kabisa kwenye machipukizi unayoyaondoa. Mizizi ni ileile, kwa hiyo sumu itafika hadi kwenye nguzo yako ya kesho.