Mchezo Uwe na Mwisho

Wadogo zangu wa Rubafu, Kishanje, Kemondo, Kamachumu na kote mnakonisoma, sogeeni tuongee habari za magemu, maana maswali yenu ya wachumba nimeyajibu sana, na haya ya simu yanazidi kulundikana.

Nianze kwa kuwatoa hofu: napenda magemu. Mzazi anayesubiri niseme kwamba gemu linamharibu mtoto akili, leo hatalisikia kwangu. Kizazi changu kilianza na nyoka wa Nokia. Mchezo ule alioutengeneza Mfini mmoja, Taneli Armanto, ulitoka mwaka 1997 kwenye simu ya Nokia 6110, na huku kwetu wengi tuliupata baadaye kwenye simu za kitochi. Mnaukumbuka ulivyokuwa: nyoka anakula, anarefuka, anakosa pa kupita, mwishowe anajing'ata. Basi. Unampa simu mwenzako naye ajaribu kukupita alama. Simu yenyewe ilikuwa ya baba, na kuchaji kulikuwa kwa kulipia pale senta, kwa hiyo hakuna aliyekesha nayo. Tulicheka, tukagombana, tukaenda kuchota maji.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Kabla hujaanza kucheza chochote, jiulize kinaishia wapi. Ludo inaisha, mtu kaingiza kete zake zote. Drafti inaisha. Bao linaisha, na wazee wanaolicheza chini ya mti wanajua nani kafungwa na anaondoka akiwa amenuna. Hata mpira wa kwenye simu unaisha, filimbi inalia, dakika kama kumi hivi na matokeo yapo. Candy Crush, lile la peremende lililotoka mwaka 2012, linakupa nafasi tano. Ukizimaliza unasubiri nusu saa nafasi moja irudi, au ulipe. Msilipe, wadogo zangu. Nusu saa ile ni zawadi, osheni vyombo.

Lakini ziko video fupi. Zile hazina filimbi. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa usiwe na mwisho, kila ukisogeza kidole kinakuja kingine. Kabla ya hapo ukifika chini ulilazimika kubonyeza ndipo uendelee, na kwenye kule kubonyeza akili ilipata upenyo wa kukuuliza: hivi ndizi si ziko jikoni? Upenyo ule ukazibwa. Baadaye Raskin mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokifanya. Nawaambieni haya kwa sababu wasichana wengi mnaniandikia mkijilaumu, mnasema ninyi wavivu, hamna msimamo, mlishika simu saa tatu usiku mkaja kushtuka majogoo wanawika. Mdogo wangu, kitu kile kimetengenezwa na watu wenye akili nyingi, wanaolipwa vizuri, ili usiondoke. Acha kujitukana, kitafutie mwisho wewe mwenyewe. Mwenzenu anaweka kengele ya simu kabla hajafungua video, nayo inawekwa kwenye simu nyingine, ya kitochi, iliyo chumba cha pili, ili lazima ainuke kwenda kuizima. Akishainuka harudi. Na arifa zizimeni zote, mbaki na za kupigiwa na za ujumbe wa watu mnaowafahamu.

Kwa akina mama wenye watoto wa sekondari nina neno moja. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari ya aina yoyote, na kubeti ni kamari. Mtoto hana kitambulisho cha NIDA cha kusajilia laini, kwa hiyo akibeti anabeti kwa laini ya mtu mzima, na huenda mtu mzima huyo ni wewe. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, uliza kwa upole kwanza. Simu za nyumba nzima zilale sebuleni, na ya mama mojawapo. Ukiingia nayo kitandani wewe, watoto hawatakusikiliza.

Sasa nije kwa mdogo wangu wa mwaloni, aliyeniuliza kama amwache mchumba wake.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Unasema kijana ni mpole, anavua dagaa, hanywi pombe, ila kila mwezi fedha inayeyuka na haelezi. Wewe unajua mahesabu ya ziwa kuliko mimi. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitawala taa haiwavuti tena, mitumbwi inabaki ufukweni na vijana wanakaa siku kadhaa bila kazi, mifukoni mwao mna hela ya giza lililopita. Siku hizo zamani zilikuwa za kushona nyavu, kulala na kuchumbia. Sasa kuna kile kindege cha kubeti cha kwenye simu, nami nashuku ndicho kinachomla: kinapaa, namba zinapanda, unatakiwa utoe hela yako kabla hakijapotea, na kikipotea kinaanza kingine papo hapo. Ukiweka mkeka wa mpira angalau utasubiri mechi iishe. Kindege hakikupi hata muda wa kuvuta pumzi. Kijana asiye na ratiba mpaka mwezi upungue, na mchezo usio na mwisho, vikikutana hela haiponi, hata awe mpole namna gani.

Kinachonitisha zaidi ni ile meseji uliyosema iliingia kwenye simu yako, kwamba yeye anadaiwa na wewe umwambie alipe. Huo ni mkopo wa mtandaoni. Programu za namna ile ukiziruhusu zinachukua majina yote ya simu yako, na ukichelewa zinawaandikia watu wako, mwalimu wako wa zamani, mjomba, mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku, kwa hiyo angalieni kwanza kama hiyo yake imo. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa deni la aina hiyo. Wazee wetu waliuza kahawa butura, ikiwa bado maua mtini, mwenye fedha akaja kuvuna yeye, na Serikali imeipiga vita butura miaka nenda rudi. Sasa imehamia kwenye simu, na kinachouzwa kikiwa maua ni jasho la giza lijalo.

Umwache? Sijui, na sitakudanganya kwamba barua moja inatosha kumhukumu mtu. Najua usifanye nini: usipekue simu yake akilala, na usimlipie deni hata senti, hata akilia. Usimsemeshe siku za mbalamwezi, atakuwa anacheza au ameshapoteza, na hatakusikia. Subiri giza lianze. Asubuhi akitoka ziwani, ameshagawiwa chake na hela iko mkononi, mwandalie chai, kisha mwombe mambo matatu: akutajie anadaiwa kiasi gani na nani, afute hiyo programu ya kindege mbele yako, na sehemu ya fedha ya siku hiyo iende kwenye kikoba kabla jua halijawa kali. Akikubali, msaidie kwa moyo wote, maana kuacha ni kugumu na atahitaji mtu wa kucheza naye drafti siku za mwezi. Akikataa kukutajia deni, hapo tarehe ya mahari isogezwe, na wazazi wako uwaambie sababu yenyewe, usiwafiche.

Niandikie alivyojibu.